Kigali siku ya kwanza: namna ya kupanga matembezi siku ya kuwasili

Msafiri anayetoka Kampala, Nairobi au Dar es Salaam kwenda Kigali hurudisha saa yake nyuma kwa saa 1 anapovuka mpaka wa Rwanda. Wengi huifurahia saa hiyo kama zawadi, wakiamini kwamba siku imerefuka na matembezi yataongezeka. Ifikapo jioni hugundua kwamba giza limeingia wakati orodha yao ya maeneo ya kutembelea haijafika hata nusu. Saa ya mkononi ilirudi nyuma, lakini jua halikurudi.

Siku ya kuwasili katika mji mgeni ndiyo siku inayopangwa vibaya zaidi katika safari nyingi. Makala haya yanaeleza namna ya kuipanga mjini Kigali: saa za kweli zilizopo, mahali pa kuanzia, na sehemu moja muhimu ambayo haifai kutembelewa siku hiyo.

Saa mbili, jua moja

Uganda, Kenya na Tanzania hufuata saa za Afrika Mashariki. Rwanda, sawa na Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hufuata saa za Afrika ya Kati, zilizo nyuma kwa saa 1. Kwa hiyo saa 4 asubuhi ya Kampala ni saa 3 asubuhi ya Kigali. Msafiri anayetoka Bujumbura habadili chochote.

Mjini Kampala jua huzama saa 1 usiku inapokaribia. Mjini Kigali huchomoza karibu saa 12 asubuhi na kuzama karibu saa 12 jioni, mwaka mzima. Hapo ndipo hesabu ya saa za Kiswahili inapolingana kabisa na jua: siku inapoanza, saa nayo inaanza, jua linapotua, saa 12 zimetimia. Mgeni aliyezoea mwanga unaoendelea hadi karibu saa 1 usiku hujikuta gizani mapema kuliko alivyotarajia.

Hivyo kanuni ya kwanza ni kuhesabu saa za mwanga zilizobaki, kuanzia wakati wa kufika hadi saa 12 jioni, kisha kuondoa saa 2 au 3 za kubadilisha fedha, kusajili laini ya simu, kutafuta nyumba ya wageni, kuoga na kula. Kinachobaki ndicho muda halisi wa matembezi. Anayefika saa 7 mchana ana takriban saa 2 au 3 tu, si nusu siku.

Simu nyingi hubadili saa zenyewe zinapopata mtandao wa Rwanda, lakini saa ya mkononi haibadiliki. Tofauti hiyo imewachelewesha wasafiri wengi, hasa siku ya kurudi. Inafaa kuuliza mapema kama muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa Kigali au wa kule basi linakokwenda.

Mambo ya kumaliza mpakani

Raia wa Uganda na Kenya wanaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania huhitaji pasipoti. Hali ya mipaka katika ukanda huu hubadilika: mpaka wa Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa mwaka 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Ni vyema kuthibitisha siku chache kabla ya safari kwamba njia iko wazi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Rwanda mwaka 2008, na mwaka 2019 marufuku hiyo ilipanuliwa hadi bidhaa nyingine za plastiki zinazotumika mara moja tu. Mizigo huweza kukaguliwa na mifuko ikachukuliwa. Anayefunga nguo au vyakula katika mifuko ya aina hiyo ahamishie kwenye mfuko wa kitambaa au karatasi kabla ya kuondoka nyumbani.

Baada ya kuvuka, magari hupita upande wa kulia wa barabara, tofauti na Uganda, Kenya na Tanzania. Jambo hili si la madereva peke yao. Mtembea kwa miguu aliyekulia Kampala au Mombasa huangalia kulia kwanza anapotaka kuvuka. Mjini Kigali gari la kwanza hutokea kushoto kwake. Mtu aliyekesha ndani ya basi ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kusahau.

Kufika Nyabugogo, kufika Kanombe

Mabasi mengi ya nchi jirani hushusha abiria katika kituo cha Nyabugogo, kilicho bondeni kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji. Wanaosafiri kwa ndege hutua Kanombe, mashariki, umbali wa takriban kilomita 10 kutoka katikati. Usafiri mwepesi zaidi ni pikipiki, ambazo wenyeji huziita moto. Dereva hubeba abiria mmoja tu na humpa kofia ya kujikinga. Mwenye begi kubwa atafute teksi. Mabasi ya mjini hulipiwa kwa kadi, si kwa fedha taslimu mkononi mwa kondakta.

Anayefika alfajiri kwa basi la usiku asitarajie kupewa chumba papo hapo, kwa sababu nyumba nyingi za wageni husubiri wageni wa jana watoke. Lakini mara nyingi zinakubali kutunza mizigo. Kuomba hivyo kwa simu siku moja kabla humwokoa msafiri na kuzunguka mji akiwa amebeba begi, jambo linalochosha maradufu katika jiji lililojengwa juu ya vilima. Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani atahisi pumzi ikimwishia anapopanda mlima, na usiku atahitaji sweta.

Mahali pa kuanzia: Biryogo na Nyamirambo

Kwa msemaji wa Kiswahili, eneo linalofaa siku ya kwanza ni upande wa Nyamirambo, kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Sababu si mandhari peke yake, bali pia lugha. Tangu enzi za ukoloni, wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani na nchi jirani walipewa makazi upande wa Biryogo, na Kiswahili kimebaki kuwa lugha ya mtaa huo hadi leo. Msikiti wa Al-Fatah, unaotajwa kuwa wa kwanza kujengwa nchini Rwanda, mwaka 1913, uko katika sehemu hiyo ya Nyarugenge.

Katika mitaa mingine ya Kigali Kinyarwanda hutawala, na mgeni anayeuliza njia kwa Kiswahili anaweza kujibiwa kwa Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza, ingawa Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Biryogo ni tofauti. Hapo mtu aliyechoka anaweza kuuliza bei, kuulizia msikiti, kuagiza chai na kufafanua anachotaka bila mkalimani. Siku ambayo akili imechoka, wepesi huo una thamani kubwa.

Barabara moja ya Biryogo imefungwa kwa magari na kupakwa rangi, na meza za migahawa zimewekwa katikati ya njia. Mtu anaweza kukaa hapo kwa chai, chapati au mishikaki akitazama mji ukipita mbele yake. Kutoka hapo barabara kuu hupanda kuelekea Nyamirambo, ikipita mafundi cherehani, maduka ya vitenge, vinyozi na misikiti, hadi karibu na uwanja wa mpira uliopewa jina la Pelé mwaka 2023. Mwenye kutaka kuongozwa anaweza kuuliza katika Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho huandaa matembezi ya miguu mtaani.

Matembezi haya yana faida moja zaidi kwa siku ya kuwasili: hayana mlango wa kufungwa. Basi likichelewa kwa saa 3, mtaa bado upo. Mpango mzuri wa siku ya kwanza ni ule usiovunjika kwa kuchelewa.

Nyongeza kwa mwenye nguvu

Anayefika asubuhi na kujisikia vizuri anaweza kuongeza sehemu moja, si tatu. Inayofaa ni Nyumba ya Kandt, jumba la makumbusho katika wilaya hiyo hiyo ya Nyarugenge. Richard Kandt, daktari na mpelelezi wa Kijerumani, ndiye aliyeanzisha Kigali kama makao ya utawala wa kikoloni mwaka 1907, na jumba hilo linaeleza kipindi hicho. Kwa mgeni, ni utangulizi unaomsaidia kuelewa jiji analolitazama.

Anayefika jioni asitoke mbali. Ale karibu na mahali anapolala, ajifunze maneno manne: mwaramutse kwa asubuhi, mwiriwe kwa mchana na jioni, muraho kwa mtu ambaye hajaonana naye kwa muda, na murakoze kwa kushukuru. Kutoka vilima vingi ataliona kuba la Kituo cha Mikutano cha Kigali, lililofunguliwa mwaka 2016, likiwaka taa za rangi. Hiyo inatosha kwa usiku wa kwanza.

Gisozi si ya siku ya kwanza

Wageni wengi huanzia kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari iliyopo Gisozi, kwa sababu haiko mbali na Nyabugogo na kwa sababu ni sehemu wanayoifahamu kwa jina. Nia yao ni njema, lakini wakati walioupanga haufai.

Gisozi ni makaburi kabla ya kuwa makumbusho. Zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 wamezikwa hapo. Kumbukumbu ilifunguliwa mwaka 2004, miaka 10 baada ya mauaji hayo, na mwaka 2023 iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na zile za Nyamata, Murambi na Bisesero. Familia huja hapo kuweka maua. Kuna chumba cha picha za waliouawa, na sehemu ya watoto ambayo watu wengi hushindwa kuipita bila kusimama na kunyamaza.

Mtu anayeingia hapo akiwa hajalala, akiwa na begi mgongoni na akitazama saa ili awahi chumba chake, hatasoma maandishi. Atapita tu. Hata akitaka kukaa huenda asipate muda, kwa kuwa mgeni wa mwisho huingia saa 10 alasiri na milango hufungwa saa 11 jioni. Jambo la heshima ni kuipa Gisozi asubuhi ya siku ya pili, saa 3 kamili, bila kupanga jambo la furaha mara baada yake. Soko la Kimironko, vitenge na matunda yake, vinaweza kusubiri hadi alasiri au siku ya tatu.

Vivyo hivyo, anayesafiri mwezi Aprili afahamu kwamba tarehe 7 huanza wiki ya maombolezo ya taifa. Muziki na burudani husimama, na mgeni hutarajiwa kuheshimu utulivu huo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi

Siku nyingine ya kuzingatia ni Umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi inayofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Maduka mengi hufungwa na magari hupungua sana barabarani. Anayeshuka Nyabugogo asubuhi hiyo anaweza kukwama kituoni kwa saa kadhaa. Ama achague siku nyingine, ama apange kufika mchana.

Wakati wowote wa mwaka, ni busara kutopiga picha askari, polisi na majengo ya serikali, na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Msimu wa mvua kubwa, kati ya Machi na Mei, mvua ya alasiri huweza kumaliza saa zote 2 zilizobaki. Matembezi yaanze mapema, na mwavuli usiachwe ndani ya begi lililotunzwa.

Mpango kwa ufupi

Anayefika alfajiri: aache mizigo, anywe chai Biryogo, atembelee Nyumba ya Kandt asubuhi, alale kidogo mchana, kisha apande Nyamirambo saa 10 jua linapopungua ukali. Anayefika mchana: chumba kwanza, kisha Biryogo peke yake hadi saa 12 jioni. Anayefika usiku: chakula na usingizi. Kwa wote watatu, Gisozi ni ya kesho asubuhi.

Orodha hiyo inaweza kuonekana fupi kwa mtu aliyelipa nauli na kusafiri usiku kucha. Lakini anayeifuata huamka siku ya pili akijua njia ya kurudi anapolala, akiwa na laini ya simu inayofanya kazi, na saa yake ikiwa imelingana na jua la Kigali. Atakapofika Gisozi atakuwa na utulivu wa kusimama mbele ya majina ya waliouawa, na kuyasoma.