Usaha wa Viungo na Uvimbe wa Kifua: Rufaa za Upasuaji Kishushe

Kishushe ni eneo la ufugaji na madini ya chuma katika eneo bunge la Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta. Mgonjwa anayehitaji upasuaji hupelekwa Hospitali ya Wesu, au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Kutoka Voi hadi Mombasa ni takriban kilomita 150, na Nairobi ni zaidi ya 300. Kwa umbali huo, rufaa yapasa kupangwa kwa muda ambao ugonjwa unaruhusu, si kwa ukubwa wa jina lake.

Uvimbe wa tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, ni nadra na hutisha, lakini mara nyingi hukua polepole. Tangu Alfred Blalock alipouondoa kwa mgonjwa wa udhaifu wa misuli mwaka 1936 nchini Marekani, kuutoa wote kumebaki msingi wa tiba. Kazi hiyo yahitaji picha za CT, daktari bingwa wa kifua na chumba cha wagonjwa mahututi, basi safari ya Nairobi ina maana. Usaha wa kiungo ni kinyume chake. Bakteria, hasa stafilokokasi, huingia kupitia damu. Homa hupanda, goti huvimba, mtoto hakanyagi. Gegedu huanza kuliwa ndani ya siku chache, na kwenye nyonga shinikizo la usaha laweza kukata damu ya kichwa cha mfupa wa paja. Kiungo kikishaharibika, hakuna bingwa awezaye kukirudisha kilivyokuwa.

Wapo wasemao dawa pekee zatosha, wakitaja utafiti wa Finland wa mwaka 2009 ulioonyesha kuwa watoto wengi hupona bila kiungo kupasuliwa. Lakini watoto hao walinyonywa majimaji ya kiungo kwa sindano na kutibiwa mapema. Aliyekandwa wiki nzima kwa kudhaniwa ameteguka hayuko katika hali yao. Wengine huhofia hospitali ndogo kugusa kiungo. Hofu hiyo ina msingi palipo na uchafu au pasipo na mtoa dawa ya usingizi. Hata hivyo, kunyonya usaha kwa sindano safi, kufungua na kuosha kwa maji ya chumvi ni upasuaji wa kiwango cha kaunti. Mashine ghali zinaweza kusubiri. Ujuzi huo uwepo Wesu na Voi usiku na mchana, na zahanati itoe rufaa siku ileile mtoto anapokataa kukanyaga.