Bibo: tunda lililoachwa nyuma na korosho

Peasi hutaka baridi, ndiyo maana hustawi Lushoto. Newala, juu ya uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, na Masasi iliyo chini yake zina tunda jingine lenye umbo kama hilo: bibo, lenye korosho inayoning'inia nchani mwake. Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno waliuleta pwani yetu karne ya 16, lakini kusini ulienea kama zao la biashara hasa baada ya Vita Kuu ya Pili.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kisha kampeni ya serikali ya Operesheni Vijiji ikawahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei haikuridhisha, na ubwiriunga, ukungu unaoshambulia maua wakati wa kipupwe, ukaenea. Msimu wa 1986/87 mavuno yalishuka chini ya tani 17,000. Utafiti wa kituo cha Naliendele, salfa na miche bora vilisaidia kulifufua zao hilo, hata msimu wa 2017/18 ukavuka tani 300,000.

Hizo zote ni hesabu za korosho. Bibo, lenye uzito mara tano hadi kumi ya korosho yake, halimo.

Majumbani lina kazi tangu zamani. Lililoanguka usiku huokotwa alfajiri, korosho ikanyongolewa, nyama ikatwangwa kinuni na kukamuliwa. Maji yake ni matamu yenye ukakasi, na yakidondokea nguo doa halitoki. Yakichachuka huwa uraka. Uraka ukikenekwa huwa gongo. Mabibo mengine huanikwa juani yakawa kochoko, akiba ya baada ya msimu.

Kwa vitamini C, bibo hulishinda chungwa mara kadhaa. Lakini huoza ndani ya siku moja au mbili, ilhali korosho kavu husubiri ghalani hadi mnada wa vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua lipi liwe mali na lipi liachwe chini ya mti.

Kwa kuwa bibo haliwezi kusafiri, kiwanda lazima kilifuate. Mashine ndogo za kukamulia na vikaushio vijijini, vikisimamiwa na vyama vya msingi vinavyokusanya korosho, vingempa mkulima kipato cha pili kutoka mti uleule. Tunda lililowalisha watu miaka yote hii linastahili bei yake.