Vilima vya Masisi Vilivyodhaniwa Vitupu

Wakoloni wa Kibelgiji walipoitazama Masisi, mashariki mwa Kongo, waliona nyasi mbichi mwaka mzima, udongo mweusi wa volkano, na watu wachache. Hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Mhunde, mwenyeji wa vilima hivyo, alikuwa akilima shamba hadi lichoke, kisha analiacha lipumzike. Kilima kilikuwa na wenyewe, chini ya mwami, chifu wao. Mzungu aliliona shamba lililolala akaliita pori.

Comité National du Kivu, iliyoundwa mwaka 1928, iligawa ardhi kwa walowezi, nao walitaka watu wa kufanya kazi kwenye kahawa na pareto. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, Rwanda ilibanana na njaa haikuwa ngeni. Basi kuanzia 1937 serikali ya kikoloni ikahamishia familia za Wanyarwanda huko Gishari, katika ardhi ya Wahunde. Hadi 1955 walikadiriwa kufika 85,000. Gishari ikapewa chifu wake Mnyarwanda. Wahunde wakapinga, na mwaka 1957 utawala huo ukafutwa. Watu wakabaki. Swali la nani mwenye ardhi likabaki pamoja nao, na hapo ndipo mimi naona kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Mwaka 1973 Rais Mobutu akataifisha mashamba ya wageni, na mengi yakaishia mikononi mwa wakubwa. Vilima vizima vikawa malisho. Maziwa ya malisho hayo ndiyo hutengenezewa jibini ya Masisi, ufundi wa mapadri wa Kibelgiji: duara la manjano lenye ganda gumu, linalouzwa hadi Goma. Ni tamu, sibishi, lakini mkulima asiye na shamba huitazama kwa jicho jingine.

Ugomvi wa ardhi ukalipuka: Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, upande wa Walikale, na mauaji yakaenea hadi Masisi. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda wakafurika Kivu, wengine na bunduki zao. Baadaye madini ya koltani ya Rubaya, humo humo Masisi, yakaongeza sababu ya kupigania vilima vilevile.

Chakula cha Masisi hushuka hadi Sake, kilomita 25 hivi kutoka Goma. Barabara nyingine hufika hapo ikiambaa ziwa kutoka Minova, kupitia Shasha. Februari 2024 waasi wa M23 walifika Shasha, njia ikakatika. Maharagi na mihogo ya Minova ikabidi yapakiwe kwenye boti, na Goma bei zikapanda.