Dari ya mawingu

Katika urushaji wa ndege, dari ya mawingu ni kimo cha kutoka ardhini hadi chini ya tabaka la kwanza la mawingu linalofunika zaidi ya nusu ya anga, mradi tabaka hilo liwe chini ya futi 20,000. Mpimaji huigawa anga mafungu 8. Mawingu yakijaza 5, dari ipo. Yakijaza 4, haipo, hata yakiwa ya chini.

Wengine husema "kimo cha mawingu". Naona jina hilo halitoshi: kila wingu lina kimo, lakini si kila wingu humzibia rubani njia. "Dari" husema pamezibwa. Muhimu ni kukumbuka kwamba dari hupimwa kutoka sakafuni, na sakafu ya Embu na Meru, kando ya Mlima Kenya, ni mteremko.

Kati ya Juni na Agosti upepo wenye unyevu hupanda upande wa mashariki wa Mlima Kenya, hupoa, na mawingu huweza kutanda siku nzima. Tuseme yameanzia mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Kituo cha hali ya hewa cha Embu kiko karibu mita 1,500, basi dari yake ni mita 400. Ukiteremka Mbeere, dari inakuwa juu zaidi ingawa wingu halijasogea. Ukipanda kwenye majani chai, mita 2,000, umeshaingia winguni. Mkulima huko anasema kuna ukungu. Rubani anayetoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda kiwanja cha Mulika, katika Mbuga ya Meru, akipewa namba ya Embu peke yake hajaambiwa habari za njia.

Na mlima hausamehe. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliyokuwa ikienda Samburu iliugonga karibu na kilele cha Lenana. Wote 14 waliokuwamo walikufa.

Tangu Desemba 2016 Shirika la Hali ya Hewa Duniani linataka watabiri wa usafiri wa anga wawe na elimu kamili ya fani ya hali ya hewa. Umahiri wanaopimwa unahusu pia kutoa tahadhari na kumweleza mtumiaji akaelewa. Nairobi ina taasisi ya kuwafundisha, nami ningependa kila mwanafunzi wake apelekwe barabara ya Embu, Chuka hadi Meru asubuhi ya Julai, aandike dari kila kituo. Utabiri wa kiwanja huhesabu kutoka kiwanjani, ule wa eneo huweza kuhesabu kutoka usawa wa bahari. Anayezichanganya namba hizo anampa rubani mamia ya mita yasiyokuwepo. Kwa miteremko hii, mtabiri ataje vimo vyote viwili, na aseme waziwazi ni wapi ardhi inakutana na wingu, ili rubani aamue mapema kusubiri, kuzungukia mashariki au kurudi.