Kileo Kisichosafiri: Mabibo na Uraka kutoka Nanganga hadi Newala

Barabara itokayo Lindi kuelekea Masasi hupita Nanganga, katika bonde la mto Lukuledi, mahali ambapo njia ya Ruangwa hujitenga nayo, na kuanzia hapo, kupitia Ndanda na Masasi mjini hadi kukwea uwanda wa juu wa Makonde na kuingia Newala, msafiri huwa yumo katika nchi ya mikorosho. Nchi hiyo hujulikana kwa korosho, zao ambalo bei yake hutangazwa redioni na kujadiliwa bungeni. Lakini kila korosho huning'inia kwenye ncha ya bibo, yaani kikonyo cha ua kilichovimba kikawa na nyama na maji kama tunda, chekundu au cha manjano, ambacho kwa kawaida huwa na uzito wa mara tano hadi kumi ya ule wa korosho yenyewe. Kutokana na maji ya bibo hutengenezwa uraka, kileo chepesi cha kuchachuka, na kwa kukeneka, yaani kuchemsha kileo na kuupoza mvuke wake uwe kimiminika tena, hupatikana nipa, pombe kali ambayo sehemu nyingine za Tanzania huiita gongo.

Anayetaka kutembezwa katika shamba la mizabibu lenye historia na kuonjeshwa divai yake, hapa Tanzania hana budi kwenda Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walipanda mizabibu, serikali ikaendeleza kilimo hicho baada ya uhuru, kituo cha utafiti cha Makutupora kikachagua aina zinazoifaa nchi ile kame, na mizabibu ikafundishwa kwa kupogolewa kuzaa mara mbili kwa mwaka. Upande wa Masasi na Newala hakuna mizabibu ya kutajika. Hata hivyo, desturi ya kumfuata mtengenezaji hadi shambani kwake, kukaa chini ya miti iliyozaa tunda lenyewe na kuonja kilichokamuliwa jana, ni ya zamani huku kusini, na haikuanzishwa kwa ajili ya watalii. Iliwekwa na tabia ya bibo lenyewe: ngozi yake ni nyembamba, likianguka hupondeka, na baada ya siku moja au mbili huwa limeoza. Divai ya zabibu husafiri kumfuata mnywaji, ilhali uraka humtaka mnywaji aje.

Mkorosho si mti wa asili wa Afrika. Nchi yake ni pwani ya kaskazini-mashariki ya Brazili, na Wareno waliuleta katika Bahari ya Hindi katika karne ya 16, wakiuotesha Goa na katika pwani ya Msumbiji, ambako ulisambaa wenyewe pamoja na kusambazwa na watu na wanyama waliokula mabibo na kuacha mbegu. Ni vigumu kuamini kwamba ujuzi wa kutengeneza kileo cha mabibo ulizuka peke yake katika kila pwani ulikofika mti huo. Huko Goa mabibo hukamuliwa, yakachachuliwa na kukenekwa kuwa feni, kileo kilichopewa ulinzi wa kisheria wa jina la mahali mwaka 2009, na mkeneko wa kwanza, ulio mwepesi kuliko feni, huitwa urrak. Kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako Wamakonde na Wamakua wa huku wana ndugu zao, pombe kali ya mabibo huitwa nipa kama inavyoitwa Newala. Wabrazili nao walichagua njia tofauti kabisa: kwa cajuína, maji ya mabibo huondolewa ukakasi, husafishwa yakawa maangavu na kuchemshwa ndani ya chupa bila kuachwa yachachuke, hivyo kinywaji hukaa muda mrefu na kuuzwa mbali.

Utengenezaji wa uraka ni rahisi kuueleza na mgumu kuufanya vizuri. Mabibo huokotwa asubuhi, yakiwa yameanguka usiku, kwa sababu bibo lililochumwa kabla ya kudondoka bado halijajaa sukari na ukakasi wake ni mkali. Korosho hunyongolewa na kutengwa, kwani ndiyo yenye bei. Kisha mabibo hutwangwa kinuni au hukamuliwa kwa mikono, na maji yake huchujwa ndani ya chombo, mtungi zamani na ndoo ya plastiki siku hizi. Haiongezwi hamira, kwa kuwa chachu inayogeuza sukari kuwa kileo imo tayari kwenye ngozi ya bibo na katika vyombo vilivyotumika jana yake. Chombo kikilala usiku mmoja, asubuhi maji huwa yanatoa povu na utamu umeanza kupungua. Siku hiyo ndiyo ya kunywa, na siku mbili baadaye kilichobaki huelekea kuwa siki. Ukakasi, ule mkazo unaobana ulimi na koo, hautoki wote hata kwa mtengenezaji hodari, na wanywaji wazoefu huudai, kwani kwao uraka mtamu mno ni uraka usioiva. Maji ya bibo pia huacha madoa ya kahawia yasiyotoka kwenye nguo, jambo ambalo mgeni aliyevaa shati jeupe hulijua akiwa amechelewa.

Msimu wa mabibo huanza takriban Septemba na kwisha Desemba, nao ni wakati ambapo kiangazi kimefikia kilele. Hilo lina uzito mkubwa katika uwanda wa Makonde, ambao udongo wake wa kichanga hunyonya mvua yote na kuuacha juu bila mito wala chemchemi, kiasi kwamba kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo tena mlima. Mwanaethnografia Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika juu ya watu hao waliochagua kuishi mbali na maji yao, na ni katika miaka ya 1950 ndipo mradi mkubwa wa maji ulipoanza kuyasukuma kwa mashine kutoka mabondeni hadi juu. Katika mazingira ya namna hiyo, mti unaotoa tunda lililojaa maji wakati visima vimekauka hauwezi kutazamwa kama chanzo cha ulevi tu. Maji mabichi ya mabibo, yenye vitamini C nyingi kuliko ya machungwa, hunywewa na watoto na wazee, wakiwemo Waislamu wengi wa Newala na Tandahimba ambao dini yao inawakataza kuyagusa yakishachachuka.

Kwa nini basi zabibu zilipata mashamba yenye majina, viwanda na vitabu vya wageni, wakati mabibo yalibaki chini ya miti? Sehemu ya jibu imo kanisani. Nchi hii ina historia ndefu ya misheni: Waanglikana wa UMCA, wakiongozwa na Askofu Edward Steere, waliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja mwaka 1876, na Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua vituo vya Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, vikateketezwa wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha wakaanza upya Ndanda mwaka 1906. Watawa wa Ulaya ndio waliotunza mizabibu kwa karne nyingi, na ingetarajiwa kwamba wangeyaona mabibo kuwa mali. Lakini sheria ya Kanisa Katoliki, ambayo leo imo katika kanuni ya 924, inataka divai ya misa itokane na tunda la mzabibu pekee. Zabibu ya Bihawana ilikuwa na mahali pa kwenda tangu siku ya kwanza, nako ni altareni. Bibo la Ndanda halikuwa na altare. Abasia ya Ndanda hufunga chupani maji ya chemchemi ya mlimani, bidhaa safi na yenye sifa, ilhali chini yake, katika bonde lote hadi Nanganga, mabibo huoza kila Novemba.

Sehemu nyingine ya jibu imo katika sheria za serikali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, na baadaye ule wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919, iliyabana mataifa ya Ulaya yasiingize pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na tawala za kikoloni ziliueneza msimamo huo hadi kwa pombe kali zilizokenekwa na Waafrika wenyewe. Tanzania huru haikuufuta moja kwa moja: Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ikimaanisha pombe ya kukenekwa, ilitaka leseni, na wakenekaji wa vijijini waliendelea kujificha na kukimbizana na polisi. Sheria hizo zilikuwa na sababu, kwani pombe iliyokenekwa kwa mapipa machafu imewahi kuua watu. Lakini matokeo yake kwa mabibo yalikuwa ya ajabu kidogo, kwa kuwa njia ya asili ya kuyafanya yadumu, yaani kuyakeneka, ndiyo iliyobanwa na sheria, na iliyoachwa huru ni ile isiyodumu zaidi ya siku mbili.

Zao la korosho lenyewe lilikua bila kulijali bibo. Upandaji mkubwa ulifanyika kuanzia miaka ya 1940, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kisha vijiji vya ujamaa viliwahamisha wakulima mbali na miti yao, ugonjwa wa ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua, ukaenea, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Wanahistoria wa uchumi wameusimulia mporomoko huo kwa hesabu za korosho. Kwa upande wa mabibo athari ilikuwa ya aina nyingine: korosho huweza kuokotwa mara moja kwa wiki na kubebwa kwa gunia, lakini bibo hudai mtu aishiye karibu na mti, na mkulima aliyehamishwa kilomita kadhaa hakuweza kuyakusanya asubuhi kabla hayajaharibika.

Unyunyizaji wa unga wa salfa, uliotokana na utafiti wa kituo cha Naliendele karibu na Mtwara, ulifufua mikorosho, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho. Kwa uwiano uliotajwa hapo juu, hiyo ni zaidi ya tani milioni moja na nusu za mabibo, ambayo mengi yaliachwa ardhini. Naliendele hiyohiyo imevifundisha vikundi, vingi vya wanawake, kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo: maji huchujwa na kupunguzwa ukakasi, huongezwa sukari na hamira iliyochaguliwa, huachwa kwa wiki kadhaa katika chombo kisichopitisha hewa, kisha hufungwa chupani. Mvinyo huo hukaa na husafiri, na ladha yake, ikiwa kavu na yenye harufu ya bibo bivu, inastahili kuwekwa mezani pamoja na divai ya Dodoma, ingawa mnywaji wa uraka angeiona imenyang'anywa makali yake.

Kwa mgeni anayetaka kuonja vyote viwili, kalenda ndiyo kikwazo. Maonyesho ya Nane Nane ya kanda ya kusini, yafanyikayo katika viwanja vya Ngongo, Lindi, ndiyo mahali penye fursa nzuri ya kukuta chupa za mvinyo wa mabibo zimepangwa, na watengenezaji wake wapo tayari kueleza kazi yao. Lakini Agosti mikorosho mingi huwa bado katika maua, na kilichomo chupani ni cha msimu uliopita. Uraka humngoja arudi Oktoba, apande hadi Newala au aishie Nanganga, amtafute mwenye shamba asubuhi, na kukubali kwamba kitakachobaki hakitamfuata nyumbani.