Askari wa milimita 28: muchezo wa vita wenye unaanza na pinso

Ukikutana na picha zao katika telefone, unaweza kufikiri ni askari wa kweli wenye walipigwa picha kwa mbali. Kumbe ni sanamu ndogo, urefu wa milimita 28 hivi, karibu sawa na kipande cha juu cha kidole gumba. Mutu fulani, mara nyingi mutu muzima mwenye kazi na watoto, alikaa usiku karibu na taa, pinso mukononi, akamupaka ule askari rangi ya uso, ya macho, ya vifungo vya koti. Kisha akatuma picha kwa wenzake, wengine wako katika inchi ingine kabisa, na akawauliza: munaonaje?

Sisi wa Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika tunajua vita vyenye haviko muchezo. Kwa hiyo jambo hili linaweza kutushangaza, hata kutuudhi. Makala hii inaeleza muchezo huu ni nini, ulitoka wapi, kazi ya kupaka inafanyika namna gani, na fasi gani inatugusa sisi wenyewe.

Ni muchezo gani?

Watu wawili wanasimama kwenye meza. Kila mutu iko na jeshi lake la sanamu. Wanapima kwa metre umbali wenye askari anaweza kutembea, na wanatupa dadu, kile kijiwe cha pande 6 chenye vitone, ili kujua kama alipiga ao alikosa. Juu ya meza wanaweka nyumba ndogo, miti na vilima.

Lakini sanamu haziuzwi zikiwa tayari. Nyingi zinakuja katika karto zikiwa vipande vya plastiki ya kijivu: kichwa huku, mukono kule. Mwenye kununua njo anaviunganisha na kuvipaka rangi. Kuko watu wengi wenye wanapaka tu, miaka na miaka, bila kucheza hata mara moja. Wengine wanapenda historia: askari wa Roma, wa Napoleon, wa vita vya dunia. Wengine wanapenda dunia ya kuwaza tu, yenye majitu na mashujaa wa nyota za mbali.

Ulitoka wapi?

Mwanzo wake ulikuwa kazi ya jeshi. Katika Prussia, inchi ya zamani yenye sehemu yake leo iko katika Ujerumani, bwana mumoja wa jamaa ya von Reisswitz alimutengenezea mufalme meza ya kuchezea vita mwaka wa 1812. Mwaka wa 1824 mutoto wake, aliyekuwa ofisa, aliandika sheria bora zaidi, na jeshi likazitumia kufundisha maofisa wake. Waliuita Kriegsspiel, maana yake muchezo wa vita.

Mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo, Little Wars, chenye sheria za kucheza nyumbani na askari wa kuchezea. Wells hakupenda vita vya kweli. Aliona vita vya meza ni bora kwa sababu hakuna mwenye anakufa wala nyumba yenye inaungua. Mwaka uliofuata, 1914, vita kuu ya kwanza ya dunia ikaanza.

Muchezo wa leo ulikomalia Uingereza. Mwaka wa 1975 marafiki watatu walianzisha Games Workshop katika muji wa London. Mwaka wa 1979 ikazaliwa Citadel Miniatures, ya kutengeneza sanamu. Mwaka wa 1983 ukatoka muchezo wa Warhammer, na mwaka wa 1987 Warhammer 40,000, yenye inapigana kati ya nyota. Mwaka uleule wa 1987 wakaanzisha mashindano ya kupaka rangi yanayoitwa Golden Demon. Leo makao ya kampuni yako Nottingham, na Desemba 2024 iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni 100 zenye thamani kubwa zaidi katika soko la hisa la London. Yote hayo kwa kuuza vitu vyenye mutu anapaswa kujimalizia mwenyewe nyumbani.

Namna wanapaka

Kwanza ni kusafisha. Unakata vipande kwa makasi, na kwa kisu kidogo unaondoa ule mustari mwembamba wenye unabaki pale sehemu mbili za kalibu zilikutana. Ukiuacha, rangi itauonyesha kila mutu. Kisha gundi. Ile ya plastiki inayeyusha kidogo kando za vipande mupaka vinashikana kuwa kitu kimoja.

Pili ni rangi ya kwanza ya kushikilia zingine. Inaweza kuwa nyeusi, nyeupe ao kijivu, na mara nyingi inapulizwa kwa kopo. Bila hiyo, rangi zako zitabanduka ukishika askari kwa kidole. Wanaipuliza inje, siku ya ukavu, kwa sababu hewa yenye maji inaweza kuacha vumbi-vumbi juu ya sanamu.

Tatu ni rangi za musingi: ngozi, koti, viatu. Rangi hizi ni akriliki na zinachanganywa na maji kidogo. Duncan Rhodes, mwenye alifundisha watu wengi kwa video za Games Workshop, alijulikana sana kwa shauri moja: paka mara mbili rangi nyepesi, usipake mara moja rangi nzito. Rangi nzito inafunika alama zote za uso, na askari anabaki kama alitumbukizwa katika uji.

Nne ni kivuli. Wanapaka rangi ya maji-maji yenye giza, nayo inateremuka yenyewe katika mikunjo ya nguo na kati ya vidole. Tano ni mwangaza. Wanachovya pinso katika rangi nyeupe-nyeupe, wanaipanguza mupaka inabaki karibu kavu, kisha wanaipitisha juu-juu ili iguse paka fasi zenye zinatokeza: pua, mabega, magoti. Juu ya nini kazi hii yote? Kwa sababu kitu kidogo hivyo hakipati kivuli cha kutosha kutoka kwa taa ya nyumba. Mupakaji anapaswa kupaka hata mwangaza wenyewe.

Macho njo yanatesa wengi. Wazoefu wanaweka viwiko vyote viwili juu ya meza, wanaunganisha mikono, wanazuia pumzi. Wengine wanapaka jicho kwanza, kisha wanalizungushia rangi ya ngozi. Ukikosea jicho, ngozi inafunika kosa.

Mwisho ni verni ya kulinda rangi, na kiti chenye askari anasimamia: gundi, muchanga kidogo, majani makavu.

Angalisho moja la afya. Sanamu nyingi za chuma za zamani ziko na risasi ndani, ile metali nzito yenye sumu. Usizikwangue bila kufunika pua, nawa mikono, usizipe watoto. Na usilambe pinso ili kuichongoa ncha, hata kama wakubwa wengi wa kazi hii wanafanya hivyo.

Kazi ya mutu mumoja, furaha ya wengi

Kupaka ni kazi ya kukaa peke yako, na labda njo sababu wapakaji wanatafutana sana. Kati yao kuko desturi nzuri. Mutu mupya akileta askari wake wa kwanza, mwenye macho yamepotoka, hawamuchekelei. Wanamuambia kwanza kitu kizuri walichoona, kisha kitu kimoja cha kurekebisha, si kumi. Wanatumiana vipande vilivyobaki: upanga, kofia, mukono. Wanaahidiana: mwezi huu nitamaliza watano. Na wanachekeana juu ya marundo ya karto zenye walinunua na hawajazifungua, kwa sababu karibu kila mumoja iko na rundo lake.

Wanajua pia hadithi ya ndugu wawili mapacha, Waingereza Alan na Michael Perry, wachonga-sanamu wakubwa wa kazi hii. Mwaka wa 1996, Ufaransa, katika maonyesho ya vita vya zamani, muzinga ulimulipukia Michael akapoteza mukono wa kuume, ule wa kazi. Alijifunza upya kuchonga kwa mukono wa kushoto, na sanamu zake zikaendelea kutoka.

Hao Perry njo walichonga sanamu za kazi moja ya kukumbukwa. Peter Jackson, mutengeneza-filamu wa New Zealand, alitaka kuonyesha vita vya Chunuk Bair, kilima cha Gallipoli, Uturuki. Tarehe 8 Agosti 1915 askari wa New Zealand walipanda kile kilima wakapigana na jeshi la Waturuki. Kati ya wanaume 760 hivi wa batayo ya Wellington, walibaki karibu 70 tu wenye hawakufa wala kuumia vibaya. Mukubwa wao, kanali William Malone, alikufa palepale.

Kwa kuonyesha jambo hilo, zilihitajika sanamu 5,000 hivi, za milimita 54. Nani atazipaka? Wapenda-muchezo wa New Zealand, zaidi ya mia, walijitolea bila mushahara. Kila mutu alipaka fungu lake nyumbani. Mwaka wa 2015 sanamu zilikutana pamoja katika maonyesho ya vita kuu katika muji wa Wellington. Ujuzi wenye watu walijifunza kwa kucheza ulitumika kukumbuka wafu wa inchi yao.

Bei

Muchezo huu haiko wa bure. Karto moja ya Warhammer yenye askari kumi inaweza kupita dola 50, na rangi zinalipwa kando. Sanamu za historia mara nyingi ni rahisi zaidi. Lakini kwa kuanza hauhitaji mengi: pinso mbili, rangi tano ao sita, sahani ya zamani ya kuchanganyia, na taa nzuri. Wengine wanachora askari kwenye karatasi ngumu, wanawakata na kuwasimamisha. Sheria za muchezo hazikatazi.

Fasi yenye inatugusa

Kuko jambo lenye wengi wetu hatulijui: kati ya sanamu hizo, kuko za watu wa kwetu. Kampuni moja ya Uingereza, Foundry, inauza sanamu za Afrika ya karne ya 19 zilizochongwa na Mark Copplestone. Ndani yake muko Azande, watu wa wafanyabiashara wa Zanzibar, na askari wa Force Publique na kofia nyekundu. Jina la mukusanyo ni Darkest Africa, maana yake Afrika ya giza kabisa. Jina hilo lilitoka katika vitabu vya wakoloni, na sisi tunaweza kusema wazi kama halitupendezi.

Lakini tuangalie pia kazi ya pinso. Mupakaji muzuri wa askari hao anajifunza haraka kama ngozi ya Muafrika haipakwi nyeusi tupu. Anaanza na kahawia yenye giza, anapandisha polepole kwa rangi za moto-moto, nyekundu kidogo, manjano kidogo, mupaka uso unakuwa uso. Mutu asiyeangalia watu vizuri hawezi kupaka hivyo.

Force Publique hiyo njo iliingia Tabora Septemba 1916, ikipigana na Wajerumani. Nyuma yake walikwenda wachukuzi wa Kongo, zaidi ya 200,000 katika vita hiyo, na muzigo juu ya kichwa. Wengi hawakurudia nyumbani. Juu ya meza ya muchezo, muchukuzi hana bunduki, hapigi mutu, na wachezaji wengi hawana haraka ya kumununua. Katika vita vya kweli, bila yeye hakuna jeshi lenye lingefika Tabora.

Watu wa New Zealand walipaka askari wao 5,000 ili wajukuu wawaone. Wachukuzi wetu wangali wanangoja. Kama katika jamaa yako kuko babu mwenye jina lake linatajwa na safari ya Tabora, uliza wazee wangali hai, na uandike: alitoka kijiji gani, alibeba nini, alivaa nini. Siku moja mutoto wa hapa atashika pinso, na atahitaji kujua rangi ya ile nguo.