Barabara ya Jimbo namba 12 ya Utah

Barabara ya Jimbo namba 12 ni barabara kuu ya jimbo la Utah, kusini magharibi mwa Marekani. Ina urefu wa kilomita 198 hivi na hupita katika kaunti za Garfield na Wayne, eneo lenye watu wachache na makorongo mengi.

Njia

Barabara inaanzia upande wa magharibi, kusini mwa mji wa Panguitch, inapoachana na barabara kuu ya kitaifa namba 89. Inapita kwenye matundu mawili yaliyotobolewa katika miamba myekundu ya Red Canyon, kisha inafika karibu na Hifadhi ya Taifa ya Bryce Canyon. Baada ya vijiji vya Tropic, Cannonville na Henrieville inafika Escalante.

Kati ya Escalante na Boulder inavuka mto Escalante na kupita juu ya Hogback, mgongo mwembamba wa mwamba wenye mteremko mkali pande zote mbili. Kutoka Boulder inapanda mlima Boulder hadi kimo cha mita 2,900 hivi, halafu inashuka hadi Torrey, inapoungana na barabara ya jimbo namba 24.

Historia

Boulder ni kama kilomita 45 tu kutoka Escalante, lakini makorongo yalizuia magari kupita. Kwa miaka mingi barua na mizigo ya wakazi ilibebwa na nyumbu wa kufugwa, yaani chotara wa punda na farasi.

Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapatia kazi wasio na ajira, walijenga daraja la mbao kwenye njia ya milimani iitwayo Hell's Backbone. Njia hiyo ilifungwa na theluji kila majira ya baridi. Kwa hiyo ilijengwa nyingine ya chini zaidi, iliyokamilika mwaka 1940, na Boulder ikafikika kwa gari mwaka mzima. Njia hiyo ya chini ndiyo inayofuatwa na barabara namba 12 leo.

Sehemu ya mlima Boulder ilibaki bila lami hadi mwaka 1985.

Utalii

Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliiweka barabara hii katika daraja la juu kabisa la barabara zenye mandhari ya kuvutia.